Bi Tayari na Meza za Mama

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Bi Tayari alimwamshia mama yake kompyuta. Kompyuta yenyewe haikuwa mle ndani. Ilikuwa ofisini, upande wa pili wa mji, chini ya meza ambayo Mama hakuwa ameitumia tangu ajali. Iliyokuwa nyumbani ni kompyuta ndogo ya kupakata, nyepesi kama sinia, na kazi yake ilikuwa moja tu: kumwonyesha Mama, pale pale kitandani, yale yaliyokuwa yakifanyika ndani ya ile kubwa.

Mama alikuwa mchora ramani za majengo. Siku moja alikwenda kukagua jengo lililokuwa likijengwa, ubao wa jukwaa la mafundi ukafyatuka, naye akaanguka nao. Nyonga ilivunjika na kichwa kikapigwa. Nyonga, daktari alisema, itaunga. Kuhusu kichwa alisema maneno machache zaidi, na kwa sauti ya chini zaidi: "Mumwangalie. Akianza kusahausahau, mrudisheni haraka."

Tangu hapo nyumba ile ikawa na watawala watatu: Mama, nyonga ya Mama, na Mama Mdogo. Huyu wa tatu alikuwa mdogo wake Mama, aliyekuja kuuguza, na ambaye kucheka hakukuwa miongoni mwa mizigo aliyobeba. Mvua ilinyesha siku nenda siku rudi. Nguo hazikukauka. Chumba kizima kilinuka dawa ya kuchua.

Bi Tayari alikuwa na jina jingine, lililoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na huko ndiko lilikopumzika. Hili la Bi Tayari alilipata siku alipotangaza kwamba chai iko tayari, wageni wakamiminiwa maji ya moto yasiyo na jani hata moja. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, alicheza mpira wa pete kama aliyezaliwa uwanjani, na kwake kazi yoyote iliyoanza ilihesabika kuwa imekwisha.

Fundi wa kompyuta wa ofisini ndiye aliyemfundisha. Alikuja nyumbani na viatu vyake vimejaa tope, akavivua mlangoni, akaketi na Bi Tayari kando ya kitanda.

"Mama yako hawezi kutazama dirisha hili jeusi," alisema. "Viherufi vyake vinamzungusha kichwa. Kwa hiyo wewe ndiye utakuwa mikono yake."

Dirisha jeusi halikuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Mtu alizungumza nalo kwa kuandika amri, nalo lilijibu kwa maandishi, kavu kama karani mwenye njaa. Kwa amri ya kwanza waliingia ndani ya kompyuta ya ofisini. Kwa ya pili waliweka nywila, ili mpita njia asije akachungulia ramani za watu. Kisha Fundi akamwacha aandike mwenyewe: vncserver. Hilo lilikuwa jina la seva, yaani programu inayofungua meza ya kazi ambayo mtu anaweza kuitumia akiwa mbali. Kompyuta ikajibu kwamba meza mpya imefunguliwa, namba moja. Walipoichungulia, wakakuta kioo cha kijivu kitupu.

"Imekufa?" Bi Tayari aliuliza.

"Haijafa. Haijaambiwa ivae nini."

Fundi akafungua faili la maandalizi. Akaongeza mstari wa kuiambia seva ipange vitu gani juu ya meza, na mwingine wa kutaja upana wa kioo, ili ramani pana za Mama zienee. Wakaifunga meza, wakaifungua upya. Safari hii vifaa vyote vya Mama vilijitokeza, kila kimoja mahali pake kama alivyokuwa akivipanga ofisini. Mama akanyoosha mkono, akagusa kioo kama mtu anayegusa shavu la rafiki aliyepotezana naye.

"Sasa sikia," Fundi aliendelea. "Mama akifunga kompyuta hii ndogo, meza ya kule haifungwi. Inabaki kama alivyoiacha. Akisikia kizunguzungu, afunge tu, alale. Kesho atakuta mstari aliouachia katikati unamsubiri. Meza itapotea umeme ukikatika ofisini, basi. Ndiyo maana kila asubuhi lazima uulize kwanza." Akaandika vncserver -list. "Hapa unauliza: ni meza zipi ziko wazi? Ikikutajia namba, mpeleke Mama kwenye namba hiyo. Isipotaja kitu, ndipo ufungue mpya. Umeelewa?"

"Tayari!"

Fundi alimtazama. "Sikuuliza kama umemaliza, bibi mdogo. Nimeuliza kama umeelewa."

Wiki za mwanzo mambo yalikwenda sawasawa. Bi Tayari aliuliza, akajibiwa, akamkabidhi Mama kompyuta, akaenda shule. Mama alichora maktaba ya watoto, jengo la ghorofa moja. Aliifanya kazi ile polepole, akilala na kuamka, na kila alipochora kitu kizuri alimwita Mama Mdogo aje aone. Mama Mdogo alikuja, akatazama mistari, akasema, "Haya." Kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Kisha mashindano ya mpira wa pete yakakaribia, na timu ikaanza kufanya mazoezi kabla ya kengele ya asubuhi. Mfungaji wao alikuwa msichana mrefu aliyeitwa Mlingoti. Kila siku alisimama chini ya dirisha la kina Bi Tayari, mwavuli begani, akipiga mluzi.

"Wee Bi Tayari! Au leo tukuite Bi Bado?"

Siku moja umeme ulikuwa umekatika ofisini, meza ya Mama ikapotea, na Bi Tayari akafungua mpya kama alivyofundishwa. Mama hakupoteza kitu, maana jioni yake alikuwa amehifadhi. Kesho yake mluzi ulipolia, Bi Tayari aligundua jambo lililomfurahisha kupita kiasi. Kwenye dirisha jeusi, ukibonyeza mshale wa juu, amri uliyoandika mwisho inarudi yenyewe. Mshale wa juu, kitufe cha kuingiza, mchezo umekwisha! Hakuna kuandika, hakuna kuuliza. Amri iliyorudi ilikuwa ile ya kufungua meza mpya. Kompyuta ikafungua na kumtajia namba mbili. Akaiweka namba hiyo kwenye kompyuta ndogo, akampa Mama, akatoka mbio.

Kesho yake ikataja namba tatu. Kesho kutwa, nne, na siku iliyofuata, tano. Bi Tayari aliona namba zikipanda, akakata shauri kwamba kompyuta inahesabu siku. Akaiona ni mashine yenye adabu.

Mama, kwa upande wake, aliamkia meza tupu.

"Mwanangu, mbona hakuna kitu hapa?" aliuliza asubuhi ile ya kwanza.

"Umeme utakuwa umekatika tena, Mama," Bi Tayari alijibu, mguu mmoja tayari ndani ya kiatu.

Mama akaifungua ramani upya. Madirisha ya juu hayakuwepo. Alikuwa ameyachora jana yake, mwishoni mwishoni, kabla kichwa hakijaanza kuzunguka. Akaamua atayarudia baadaye, akashughulikia paa. Asubuhi iliyofuata paa halikuwepo. Akachora mtelemko wa mlangoni, wa watoto wanaotembelea viti vya magurudumu, na jambo hilo alilifanya kwa moyo wote, maana kiti cha namna hiyo kilikuwa kimeegemezwa ukutani mwake mwenyewe. Asubuhi mtelemko nao ukawa umetoweka.

"Nilihifadhi," Mama alimwambia Mama Mdogo. Baada ya muda akasema, "Nadhani nilihifadhi." Na jioni, akitazama dari, "Labda hata sikuchora."

Mama Mdogo alikwenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria iliyokuwa ikichemka, asiifunue wala asiiepue.

Kuanzia hapo kukawa na uangalizi. Mama Mdogo alimwuliza mgonjwa maswali ya kumpima, akijifanya anapiga soga: leo siku gani, jana tulikula nini, jirani yetu wa mkono wa kulia ana watoto wangapi. Mama alijibu yote sawa, lakini kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkali. Alipomaliza alimtazama ndugu yake usoni, akitafuta humo kama amepata au amekosa.

Siku ya Ijumaa simu ya Mama ililia wakati mwenyewe amelala. Bi Tayari akaipokea. Alikuwa Fundi, yuko safarini, sauti yake ikija na kupotea.

"Bibi mdogo, ofisini wanalalamika kwamba ile kompyuta inahema kama mzee anayepanda ngazi. Mna meza ngapi wazi?"

"Moja tu," Bi Tayari alisema upesi.

"Unauliza kila asubuhi?"

"Ndiyo, Fundi."

"Haya, tutaangalia nikirudi. Lakini mwambie Mama: kesho saa sita mchana mafundi umeme watazima jengo zima, wabadilishe nyaya. Ahifadhi kila kitu kabla ya hapo. Kitakachobaki mezani bila kuhifadhiwa, kimekwenda na maji."

Simu ilipokatika, Bi Tayari alibaki ameishika. Kisha akaifungua kompyuta ndogo na, kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yaanze, akauliza. Dirisha jeusi likamjibu bila hasira wala huruma. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

Akazielewa zile namba zote kwa mpigo mmoja. Haikuwa hesabu ya siku. Zilikuwa meza, kila moja imeachwa wazi kule ofisini, na Mama alikuwa akihamishwa kila asubuhi kutoka moja hadi nyingine bila kujua kwamba amehama.

Mtu mwenye akili timamu angepiga kelele pale pale. Bi Tayari alikuwa na akili timamu, lakini pia alikuwa na woga, na woga ndio uliowahi kufika mdomoni. Mama alikuwa ameamka.

"Njoo hapa," Mama aliita. "Juzi ulipotoka shule uliketi hapa kitandani. Nilikuonyesha mtelemko. Kumbuka vizuri, mwanangu. Uliunyooshea kidole, ukasema unafaa kuteleza na gunia. Si ndiyo?"

Ilikuwa ndiyo. Hata gunia lilikuwa kweli.

"Sikumbuki, Mama," alisema Bi Tayari.

Mama akatikisa kichwa taratibu. Akajifunika shuka hadi kidevuni, akageukia ukutani. Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia.

Jumamosi asubuhi Mama Mdogo alitoa begi chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Gari la kwenda hospitali lingefika saa tano. Mlangoni Mlingoti alipiga mluzi, akapiga tena, akaita, "Bi Bado! Timu inakungoja!" Hakujibiwa, akaondoka peke yake mvuani.

Bi Tayari alikuwa sebuleni na kompyuta mapajani. Alikuwa amepata mpango, na kama mipango mingi ya watu waliobanwa, ulikuwa mpango wa kufagia taka chini ya zulia. Angezifunga zile meza za ziada moja baada ya nyingine, kabla Fundi hajarudi kuziona. Kesho angeanza kuuliza kama kawaida, na mambo yangejinyoosha yenyewe. Amri ya kufunga meza aliijua. Waliotengeneza programu ile hawakuona haya, wameiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuua. Akaandika vncserver -kill :2, akabonyeza. Kompyuta haikumwuliza mara mbili. Meza ya pili ikafa.

Alikuwa ameshaandika ya tatu, kidole kiko juu ya kitufe, aliposikia sauti ya Mama kupitia ukutani.

"Mdogo wangu, nikitoka huko nitampigia mkuu wa ofisi. Ile maktaba ampe mtu mwingine."

"Pumzika kwanza, dada."

"Kupumzika nitapumzika sana. Mtu asiyejua alichora nini jana hawezi kuwachorea watoto jengo. Nitawaangushia ukuta kichwani." Kitanda kikalia. "Ule mtelemko niliuona kwa macho yangu. Ndicho kinachonitisha. Kwamba unaweza kukiona kitu wazi namna ile, na kumbe hakipo."

Bi Tayari akakiondoa kidole. Badala ya kuifunga meza ya tatu, akaichungulia.

Mtelemko ulikuwepo. Ulishuka kutoka mlangoni kwa upole, una kishikio pande zote mbili, na pembeni Mama alikuwa ameandika maneno madogo kwa wajenzi: *usiwe mkali, mtoto apande bila kusukumwa.* Mstari wa mwisho ulikuwa umeachwa katikati.

Ndipo akakumbuka kwamba meza ya pili hakuichungulia.

Alipiga moyo konde, akasimama, akaingia chumbani na kompyuta mikononi. Mama Mdogo alikuwa akifunga zipu ya begi.

"Mama, usiende," alisema. "Kichwa chako hakina kitu. Yaani kina kila kitu. Ni mimi."

"Ni wewe nini?" Mama Mdogo aliuliza.

Bi Tayari aliyasema yote kwa pumzi moja: mshale wa juu, mazoezi, namba, simu ya Fundi, gunia. Alipofika kwenye gunia akaiweka kompyuta juu ya miguu ya Mama na kuacha kioo kimalizie.

Mama aliutazama mtelemko kwa muda mrefu. Akafuata mstari kwa kidole, hadi pale ulipokatikia.

"Hapa," alisema polepole. "Hapa ndipo kizunguzungu kilinishika."

"Naam, Mama."

"Nionyeshe nyingine."

Kwenye meza ya kwanza yalikuwepo madirisha ya juu, yote, yamepangwa kama meno ya mtoto. Kwenye ya nne zilikuwepo rafu za vitabu, na kwenye ya tano ngazi. Kila Mama alipokiona kitu chake alikitaja kabla hakijafunguka vizuri, na rangi ikawa inamrudia usoni kidogo kidogo. Wakahifadhi kila kipande kwa jina lake, huku Mama Mdogo akisimama nyuma yao, macho kwenye saa ya ukutani.

Kisha Mama akahesabu kwa vidole. "Moja, tatu, nne, tano," alisema. "Namba mbili iko wapi?"

Hapo hata Mama Mdogo alijua kwamba kichwa kile hakikuwa na kasoro yoyote.

"Nimeifunga, Mama. Asubuhi hii. Nilitaka Fundi asizione." Bi Tayari hakuinua uso. "Sikuangalia ndani kwanza."

"Humo mlikuwa na paa langu."

"Tuifungue tena, Mama?"

"Hiyo haifunguki tena, mwanangu. Itafunguka meza mpya, na paa halimo. Maji yakimwagika hayazoleki."

Mama Mdogo aliufungua mlango, akamwambia dereva aliyekuwa akipiga honi kwamba safari imevunjika. Aliporudi alianza kutoa nguo begini, moja moja. "Na nilivyolikunja hili gauni vizuri," alisema. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akafunika uso kwa gauni lile lile, na mabega yakamtikisika. Bi Tayari hakuwahi kumwona akilia, wala hakujua afanye nini, kwa hiyo alisimama.

Saa sita umeme ulizimwa ofisini. Kioo cha kompyuta ndogo kikawa cheusi. Mama ndipo alipozungumza, bila kupandisha sauti.

"Sikiliza. Meza uliyoifunga si neno. Paa nitalichora upya, nikichoka nitalala, nikiamka nitaendelea. Kukosea amri si neno pia, hata Fundi alianza kwa kukosea. Lakini jana nilikuuliza swali moja. Nilikuwa nimeshika ukweli mkononi, nikakuomba uniambie kama ni ukweli, nawe ukanipokonya. Ramani ina nakala, mwanangu. Kichwa changu hakina nakala. Usimfanye tena mtu asiamini macho yake ili wewe uonekane hujakosea."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Si leo. Leo bado nimeumia." Akamvuta mkono, akamketisha pale pale alipokuwa ameketi siku ya gunia. "Na Fundi utampigia mwenyewe. Umwambie zilikuwa tano."

Alimpigia. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akahema kwa nguvu, akasema, "Kwa hiyo nilikuuliza kama umeelewa, na jibu limefika leo."

Mashindano yalichezwa wiki iliyofuata, nao wakashindwa, na Mlingoti alieleza kila mtu sababu ilikuwa nani. Bi Tayari hakubisha.

Lakini kabla ya hayo, Jumatatu asubuhi, mvua ilikuwa bado inanyesha. Mluzi ulilia chini ya dirisha. Chumbani Mama aliinuka kwa shida, akaegemea mto, akanyoosha mikono kupokea kompyuta.

"Tayari?" aliuliza.

"Bado, Mama. Nauliza kwanza."

Aliandika herufi moja baada ya nyingine, bila mshale. Dirisha jeusi likajibu kwamba hakuna meza iliyo wazi. Akafungua mpya, namba moja, akaichungulia mwenyewe kuhakikisha, ndipo akampa Mama. Mama aliitazama ile meza tupu, akafungua ramani, na juu ya kuta zisizo na kitu akaanza kuchora paa.

"Nenda shule," alisema. "Na ukirudi, nitakuuliza nilichora nini. Unijibu ulichokiona, hata kama ni kibaya. Ukweli wa mtoto mmoja nyumbani ni dawa ambayo daktari hana."